Farasi Wa Bure

Makala niliyoandika kuhusu puli ilikuwa na maneno 1,500 na ilinilipa dola 12. Mteja alikuwa Mmarekani mwenye tovuti ya vipuri vya magari, na maagizo yake yalikuwa mafupi: eleza faida za kufunga puli ndogo kwenye injini ya Scion xB, weka shauku, usiwatie watu woga. Scion xB sijawahi kuiona kwa macho hadi leo. Niliketi kitandani kwangu Kinoo, bando ikikaribia kuisha, nikasoma kurasa tano sita za watu wengine, nikazipika upya, na saa nane usiku nikatuma. Niliandika kwamba gari linaweza kupata hadi farasi 15 wa bure. Hiyo namba niliiokota mahali, nikapenda vile inasikika.

Wacha nieleze hii kitu vizuri, kwa sababu wakati ule nilijifanya kuielewa zaidi ya nilivyoielewa.

Mbele ya injini kuna mkanda, ule mafundi wanauita fanbelti. Unazungushwa na puli iliyofungwa kwenye ncha ya kranki, na wenyewe unazungusha vitu vingine: alteneta inayotengeneza umeme, pampu ya maji inayopoza injini, kompresa ya kiyoyozi. Hao ni wategemezi. Wanakula nguvu ya injini kabla haijafika kwenye magurudumu. Sasa ukitoa puli ya kranki uweke iliyo ndogo zaidi, mkanda unatembea polepole, na wategemezi wote wanazunguka polepole. Wanakula kidogo, na kinachobaki kinaenda barabarani.

Kwa gari la mashindano hesabu hiyo ina akili. Injini ya mashindano inapiga mizunguko 7,000 kwa dakika, na kwa mwendo huo pampu ya maji inaweza kuanza kuchapa maji hadi yanatoa mapovu badala ya kuyasukuma. Kuipunguza mwendo ni kuisaidia. Tena mbio zenyewe za kuvutana zinaisha ndani ya sekunde chache, halafu gari linasukumwa kando lipoe. Hiyo sehemu kuhusu kusukumwa kando sikuiandika. Ingewatia watu woga.

Kakangu mkubwa ana Probox. Anabeba nyanya na spinachi kutoka Naivasha hadi Marikiti, usiku, mara nne kwa wiki, akipitia barabara ya chini ya Mai Mahiu. Kama umewahi kupanda ule mteremko kuelekea Rironi nyuma ya trela la mahindi, unajua ni kazi gani. Ukiwa umepakia hadi kioo cha nyuma hakionekani, unapanda kwa gia ya kwanza, ya pili, ya kwanza tena, na wasee wa matatu wanakupita kwenye kona kama hawana watoto nyumbani.

Scion xB na Probox yake, nje ni magari mawili tofauti kabisa, lakini ndani wana injini moja, 1NZ-FE, lita moja na nusu. Nilipogundua hivyo nilifurahi kama mtu aliyeokota pesa kwa suruali ya zamani. Krismasi iliyofuata tukiwa nyumbani, nikamwambia. Nilimpa somo zima pale nje tukichoma nyama: kwamba injini yake ilipimwa Japani ikatoa farasi 109, kwamba injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda kwa sababu hewa inakuwa nyepesi, kwamba kule juu Limuru anavuta mzigo na farasi wasiofika 90. Hayo yote yalikuwa kweli. Halafu nikamwambia kuhusu puli.

"Na wewe umeiona ikifanya kazi?" akauliza.

"Eeh," nikasema.

Sijui kama unaelewa hiyo "eeh" ilitoka wapi. Nilisomea uhandisi wa mitambo hadi mwaka wa tatu, halafu nikaacha. Watu nawaambia ilikuwa karo. Karo ilikuwepo kweli, lakini kakangu ndiye alikuwa anailipa, kwa hizo nyanya, na alikuwa tayari kuendelea. Mimi ndiye niliyechoka. Nilikuwa nimerudia somo la mekanika ya vimiminika mara mbili, na wakati huohuo nilikuwa nimeonja pesa ya kuandika mitandaoni. Nilipomwambia nimeacha, alinyamaza kwa simu muda mrefu, kisha akasema sawa. Kutoka siku hiyo hajawahi kunilaumu. Ila bado ananiita Injinia. Mbele ya mamangu, mbele ya mafundi, mbele ya wateja wake: "Ongea na huyu mdogo wangu, ni injinia." Na mimi sijawahi kumwambia akome.

Kuagiza puli kutoka Marekani kungekuwa ghali, kwa hivyo nikampeleka Kariobangi Light Industries kwa jamaa mmoja mwenye mashine ya kukereza vyuma. Nilimchorea kwa karatasi: alumini, mifereji ileile ya mkanda, kipenyo kipungue kwa asilimia 20. Alikereza siku mbili, na ilipotoka ilikuwa nzuri, nang'aa nayo hadi leo nikiikumbuka. Ile ya zamani ilikuwa chuma kizito cheusi. Hii ungeirusha juu kwa mkono mmoja.

Fundi wa kakangu kule Naivasha, mzee ambaye tunamwita Mzee tu, ndiye aliyeifunga. Alihangaika na boliti ya kranki karibu nusu saa, na bomba refu limechomekwa kwenye spana, hadi ikalia. Mkanda wa zamani ukawa mrefu, tukanunua mfupi. Halafu Mzee akachukua puli ya zamani, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye duara jembamba la raba lililo katikati ya chuma cha ndani na chuma cha nje.

"Injinia, hii raba ni ya nini?"

"Ya kupunguza kelele."

Akaniangalia. Akaangalia puli mpya, ambayo ilikuwa chuma kitupu bila raba popote. "Watu wa Toyota waliweka raba hapa kwa sababu ya kelele," akasema, si kama swali. Akaifunga puli mpya, kwa sababu mwenye gari alisema afunge, na ile ya zamani akaiweka juu ya kabati lake badala ya kuitupa kwa vyuma chakavu.

Siku za kwanza kakangu alikuwa ananitumia ujumbe wa sauti kila asubuhi. Inavuta! Ukikanyaga inaitika! Sidhani alikuwa anadanganya. Puli nyepesi inafanya injini ipande mizunguko haraka kidogo, sikio linasikia hiyo haraka, na mtu ambaye ametumia pesa yake anasikia zaidi. Kwa injini kama ile, nikikadiria sasa bila shauku ya dola 12, farasi aliowapata labda ni watatu, na hao ni kule juu kwenye mizunguko 5,000 na kuendelea. Probox iliyojaa nyanya haifiki mizunguko hiyo mara nyingi. Na hata hiyo hesabu ya alteneta niliyoiandika ilikuwa na shimo: taa zako zinahitaji umeme uleule, uizungushe haraka au polepole, kwa hivyo kwa sehemu kubwa injini inalipa bei ileile. Ukiizungusha polepole sana inashindwa tu kulipa, na deni linahamia kwa betri.

Wiki ya pili akaniambia taa zinafifia akisimama kwenye jam ya Kangemi. Nikamwambia abadilishe betri. Akabadilisha.

Wiki ya tano, saa kumi alfajiri, simu ikalia. Alikuwa Mai Mahiu, karibu na lile kanisa dogo ambalo wafungwa wa vita Waitaliano walilijenga mwaka 1942 walipokuwa wakitengeneza barabara. Trela lilikuwa limekwama kwenye kona mbele, foleni yote ikawa inatambaa kwa mwendo wa mtu. Alama nyekundu ya joto iliwaka. Alikuwa na nyanya za watu zinazosubiriwa Marikiti kabla ya saa kumi na mbili, kwa hivyo akasema wacha nifike tu pale juu. Hakufika. Mvuke ulitoka chini ya boneti, na alipozima gari halikuwaka tena.

"Injinia, nifanye nini?"

Nilikuwa nimekaa kitandani palepale nilipoandikia ile makala. Sikuwa na la kumwambia. Nikasema usifungue kifuniko cha rejeta, ngoja ipoe. Hata mtoto wa boda anajua hiyo.

Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeungua na hedi yenyewe imepinda. Kuipeleka kusagwa, gasketi mpya, oili, kazi ya fundi na kuvutwa kutoka Mai Mahiu, jumla ilikuwa shilingi 34,000. Nyanya ziliuzwa hapo kando ya barabara kwa bei ya kutupa, na mwenye nyanya akataka pesa yake kamili. Siku kumi na moja gari halikufanya kazi.

Nilienda Naivasha. Mzee alikuwa amelaza injini wazi, na hakuniita Injinia siku hiyo. Alinieleza kuhusu raba kwa kutumia kamba ya kuanikia nguo. Aliivuta, akaigonga, ikatetemeka. Akaishika kwa vidole viwili karibu na mwisho, akaigonga tena, ikatulia haraka. Ndivyo kranki ilivyo. Kila silinda ikiwaka inaipinda kidogo, na kwa injini ya silinda nne inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, hiyo ni mipigo 100 kila sekunde. Raba ndiyo vidole viwili. Kwa wiki tano kranki haijaumia bado, akasema, au kama imeumia hatuoni. Kwa mwaka angekuwa anazungumza mengine.

Kuhusu pampu ya maji hakuna aliyehitaji kunieleza. Usiku ule nililala kwa kakangu, na nilikumbuka, kwa ukamilifu wa kuudhi, ukurasa mmoja wa lile somo nililolirudia mara mbili. Ukipunguza mwendo wa pampu kwa asilimia 20, maji inayosukuma yanapungua kwa asilimia 20, lakini nguvu inayokula inapungua karibu nusu. Kwa hiyo faida inaonekana kubwa sana kwenye karatasi, kubwa kuliko hasara. Karatasi haina trela mbele yake. Unapopanda polepole na mzigo, mizunguko iko chini, upepo wa kupoza rejeta haupo, injini inatoa joto kama tanuri, na pampu, ambayo tayari inazunguka polepole, wewe umeipunguza tena. Nilijua hiyo kanuni. Niliifanyia mtihani. Nilipoandika makala haikunijia hata mara moja, kwa sababu sikuwa naandika kuhusu pampu, nilikuwa najaza maneno 1,500.

Asubuhi nilimwambia. Tulikuwa kwa meza, yeye akinywa chai. Nikasema kwamba siku ile ya Krismasi aliponiuliza kama nimeiona ikifanya kazi, sikuwa nimeiona. Sijawahi kuishika hiyo kitu kabla ya Kariobangi. Niliisoma tu, kwa watu ambao pengine nao waliisoma tu.

Alikaa. "Mimi nilijua hujaiona," akasema. "Nilifikiri umepiga hesabu."

Hiyo ilinichoma kuliko angenitukana.

Tulikubaliana nitalipa gharama yote. Nimelipa 21,500 hadi sasa, makala kwa makala, na kila nikituma pesa anajibu "imefika" bila neno lingine, ingawa mwezi jana aliongeza "asante". Mzee alirudisha puli ya zamani kutoka juu ya kabati, na mkanda mrefu. Gari linapanda Mai Mahiu kwa gia ya kwanza, ya pili, ya kwanza, vile lilikuwa.

Nilimwandikia yule mteja nikamwomba aniruhusu nirekebishe makala, bila malipo. Nilimtumia aya mbili: moja kuhusu raba, nyingine kuhusu foleni na mzigo. Alijibu kwa adabu kwamba makala inasomwa vizuri jinsi ilivyo, na akaniuliza kama ninaweza kuandika nyingine kuhusu faida za kutoa themostati. Dola 15 safari hii.

Sijamjibu. Jumamosi kakangu alipitia Kinoo kuniletea nyanya, akanikuta na kompyuta imefunguliwa kwenye barua hiyo. Akaisoma kwa bega langu, polepole, Kiingereza chake si cha haraka.

"Themostati ukitoa, inakuwa nini?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nikamwambia kesho twende kwa Mzee tumuulize.

"Kesho ni Jumapili," akasema. "Mzee huenda kanisa. Jumatatu."

Akaketi kitandani, akavua viatu, akaniambia niweke chai.