Waya wa Kijani

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hii si radi ya Mungu. Hii imetumwa."

Babu mlinzi alikuwa bado ameshika mwavuli ulio wazi, ingawa mvua ilikuwa imekatika saa nzima iliyopita. Ilikuwa alasiri ya Februari 2023, mtaa wa Forest, jijini Mbeya, mwezi ambao mawingu hushuka kutoka mlima Loleza bila kumpa mtu nafasi ya kuanua nguo. Mkaratusi ulio karibu na geti ulikuwa umechanika gome kutoka juu hadi chini. Nilimpita babu nikapanda kwenye ofisi ya nyumba ya wageni aliyokuwa akiilinda, na kabla sijafungua kabati la mtandao pua ilikwishanieleza. Swichi ya poti 16 niliyoifunga kwa mikono yangu ilikuwa imeungua. Mashine ya kurekodi picha imeungua. Kati ya kamera 14, tisa zilikuwa zimekufa.

Mwenye nyumba alisimama nyuma yangu. Watu walikwishamwambia lile lile alilolisema babu: kuna jirani waliyegombana naye mpaka wa kiwanja, na radi ilijua pa kupiga. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Mwanangu, fundi ni wewe. Wewe unasemaje?"

Ningeitikia kwa kichwa tu, ningeondoka pale bila deni. Nasema hili bila kuficha kwa sababu nilitamani. Mlango ulikuwa wazi, umefunguliwa na watu wazima wenye mvi, na mimi nilikuwa binti wa miaka 26 kutoka Ilula ambaye kazi ile ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote alizowahi kupata.

Lakini nilikuwa najua habari ya waya wa kijani.

Oktoba 2022, nilipokuwa nafunga kabati, nilifungua soketi ya ukutani ili nione umeme wa swichi utatoka wapi. Waya wa kijani, ambao ndio wa eathi, uliingia ukutani na kuishia humo. Nilipoufuatilia nje sikukuta rodi, sikukuta shimo, sikukuta chochote. Nyumba nzima haikuwa na eathi. Nikafunga soketi, nikaendelea na kazi. Nilijiambia kwamba eathi ni kazi ya fundi umeme, mimi ni fundi wa mtandao.

Hapo ndipo nilipopotea, na nadhani mafundi wengi wa rika langu wanapotea hapo hapo. Teknolojia ya PoE, yaani umeme kupitia kebo ya mtandao, imeufuta mpaka huo. Kebo ile nyembamba inayoleta picha kutoka kwenye kamera ndiyo inayoipelekea kamera umeme. Kiwango cha kwanza, cha mwaka 2003, kiliruhusu poti itoe wati 15.4. Cha 2009 kikafika wati 30, na cha 2018 kikapanda hadi wati 90. Anayebana vichwa vya kebo siku hizi anatandaza umeme, apende asipende.

Kilichonidanganya ni adabu ya swichi yenyewe. Swichi inayofuata viwango haimwagi umeme ovyo. Kwanza inapiga hodi: inatuma volti chache tu na kusikiliza kama upande wa pili kuna ukinzani wa kiloohmu 25 hivi. Ikiitikiwa, ndipo inaachia volti zake 48 au zaidi kidogo. Isipoitikiwa inanyamaza, na hata ukichomeka kompyuta ya kawaida haiidhuru. Nilipojifunza jambo hili nilivutiwa sana, nikaamini kifaa chenye busara kiasi hicho kitajilinda chenyewe. Radi haipigi hodi.

Tena kulikuwa na dalili niliyoizima mapema. Wiki ya pili tu, kamera ya getini ilianza kuzima na kuwaka kila ifikapo saa moja jioni. Asubuhi iko salama. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga kabla ya kununua. Mchana kamera moja ilikula wati 5, kwa hiyo zote 14 zilikula 70. Giza likiingia zinawasha taa zake za usiku na kila moja inakula 9. Hiyo ni 126. Swichi niliyonunua ilikuwa na uwezo wa wati 120 kwa poti zote kwa pamoja. Kila usiku ilijinyima poti yenye kipaumbele cha chini kabisa, iliyochomekwa mwisho, na hiyo ndiyo ya geti. Kisha ikawa inajaribu tena, inashindwa, inajaribu tena.

Kebo nayo ilikuwa ya bei rahisi, ya alumini iliyopakwa shaba juu. Alumini hupitisha umeme kwa takribani asilimia 61 ya uwezo wa shaba, na safari ya kutoka kabatini hadi getini ilikuwa karibu mita 90. Nyaya zile zilikuwa zinakula sehemu ya umeme njiani. Kukwangua waya kwa kisu kunatosha kuitambua: ndani unang'aa mweupe. Nilikuwa nimeuona weupe ule. Mzee mwenye nyumba aliponiuliza kuhusu kamera ya geti, nikasingizia kuyumba kwa umeme.

Kwa hiyo alasiri ile, mbele ya kabati linalonuka, nilimwambia yote. Eathi hakuna, na nilijua. Kebo ya geti nimeitundika kwenye miti kutoka jengo hadi jengo. Radi haikuhitaji kuipiga swichi. Ilipiga mti, ardhi ya upande wa geti ikapanda volti ghafla kuliko ya upande wa jengo kubwa, na njia rahisi ya kusawazisha tofauti hiyo ilikuwa waya wangu. Hakuna aliyeituma, mzee. Nimeikaribisha mimi.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Basi utalipa."

Deni lilikuwa shilingi milioni 3 na laki 4. Habari ilifika Mwanjelwa kwenye maduka ya vifaa kabla sijafika mimi. Kazi mbili nilizokuwa nimeahidiwa ziliyeyuka ndani ya juma moja. Niliuza kompyuta yangu. Nikarudi Iringa kwa basi, nikashukia Ilula, nikamkuta mama anapanga nyanya kwenye matenga. Hakunilaumu. Alichukua mkopo kwenye VICOBA yao kwa jina lake, na kila Jumapili kwa miezi tisa alipeleka marejesho huku mimi nikituma nilichopata. Kuna Jumapili nilituma shilingi elfu 5. Siku hizo nilikuwa nabana vichwa vya kebo kwa kulipwa kwa kichwa kimoja kimoja, chini ya mafundi niliowatangulia chuoni, na usiku nililala nikihesabu.

Nilimwomba mzee jambo moja: aniache nirudie kazi, vifaa anunue yeye kwa fedha ninazomrudishia, nguvu zangu bure. Alikubali.

Nilianza na ardhi. Nilingoja Septemba, udongo ukiwa mkavu, kwa sababu eathi inayopimwa wakati wa masika inamsifia fundi kwa kazi ya mvua. Babu mlinzi alinisaidia kuchimba. Tulishindilia rodi ya shaba, tukajaza mkaa na chumvi, tukapima kwa mita niliyoazima kwa fundi umeme: ohmu 31. Tukaongeza rodi ya pili, mbali kidogo na ya kwanza. 14. Ya tatu ikatufikisha 8, chini ya 10 niliyokuwa naitafuta, na babu akauliza kama nane ni nzuri kwa sababu alikuwa ameona nimekaa chini.

Waya wa miti niliushusha. Kati ya majengo nilizika faiba, maana kioo hakipitishi umeme, na getini nikaweka swichi ndogo yenye umeme wake na kinga zake. Ndani nilirudia kebo zote kwa shaba tupu. Swichi kubwa sasa ina bajeti ya wati 250, nusu nzima imebaki akiba.

Mwishoni mwa mwaka ule mgao wa umeme ukatukuta, na hapo PoE ikanilipa. Kwa kuwa kamera zote isipokuwa ya geti zinakula kabatini, betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100 ilitosha kuzishika zote. Ina wati-saa 1,200. Ukiinyonya nusu tu ili idumu, na ukitoa kinachopotea kwenye inveta, unabaki na kama saa nne za usiku kamili. Jirani wa mpaka wa kiwanja alikuja kuuliza kwa nini kwetu kunaonekana taa ndogo nyekundu wakati mtaa mzima ni giza. Yeye na mzee walizungumza pale getini muda mrefu, sikuwasikiliza.

Kila miezi mitatu narudi. Napuliza vumbi kwenye feni, hasa baada ya upepo wa Agosti. Naandika daftarini wati za kila poti na kulinganisha na za mara iliyopita, kwa sababu poti inayopanda polepole ina neno. Nanakili mipangilio ya swichi kwenye flashi. Nagusa kila kichwa cha kebo, naangalia meno ya panya. Kabla ya mvua, napima eathi.

Februari 2024 mvua ya radi iliipiga Mbeya usiku, nami nilikuwa Ilula. Nilikaa na simu mkononi nikitazama geti. Mwanga mweupe, kisha mwingine, picha ikatetemeka na ikabaki. Mama alisogea, akaishika simu karibu na macho. Alimwona babu akilivuta geti kwa mikono miwili, maji yakimtiririka mgongoni.

"Huyo baba hana koti la mvua?" akauliza.

Safari iliyofuata nilipanda basi stendi ya Igumbilo, Iringa, nikiwa na koti kwenye begi, juu ya mita ya eathi.