Sentensi Moja Kuhusu Kolo

Niliwakosea watu wa Kolo, kijiji cha Kondoa, na kosa lenyewe lilichapishwa.

Katika makala niliyoiandika baada ya kuzuru michoro ya miambani ya Kondoa, karibu nafasi yote niliyapa mawe: pofu na twiga wa rangi nyekundu, watu wembamba wenye vichwa vikubwa, kazi ya Mary Leakey aliyeinakili michoro ile mwaka 1951, na UNESCO kuiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Walio hai niliwapa sentensi moja, kwamba vijana wa Kolo hushinda vijiweni bila kazi.

Sikumuuliza hata mmoja. Niliwaona nikinywa chai kando ya barabara kuu iendayo Babati, wameegemea pikipiki zao, nikahukumu. Kumbe walikuwa kazini. Bodaboda husubiri basi la Dodoma au Arusha. Likisimama, abiria wa vijiji vya ndani hushuka na magunia yao, na kila dereva anajua zamu yake. Kusubiri ndiko kugumu kuliko kuendesha, maana kuna siku basi hupita bila kushusha mtu, na mwenye pikipiki jioni anataka hesabu yake. Mmoja wao ndiye aliyenipeleka Mungomi, kwenye mapango yenye michoro. Njia nzima nilimuuliza habari za mapango tu.

Na huko Mungomi nilikosea tena, kosa linaloniuma zaidi. Matambiko ya pale niliyaandika kama mambo yaliyokwisha na mababu. Hayajaisha. Wenyeji wangali wanapanda kuomba mvua na kuombea wagonjwa. Yule kijana, tulipofika, alinyamaza akasimama pembeni. Mimi nikaendelea kupiga picha mahali pa ibada za watu wake, bila kumwomba ruhusa yeye wala mzee yeyote.

Makala ilimfikia kwa simu, akanipigia. "Shikamoo mzee. Mimi ndiye niliyekubeba. Siku ile nilikuwa kazini au sikuwa?"

Nilimwomba radhi. Akaipokea kwa adabu, lakini hakuwa amepiga kwa ajili ya radhi. Alitaka iandikwe kwamba kituo chao kina uongozi, kwamba mwenzao akipata ajali huchangishana fedha za matibabu, na kwamba wengi wao wana mashamba ya mahindi wanayolima kabla jua halijawa kali, ndipo waje barabarani. Basi nimeyaandika.