Chaani, Mikokoni, na Habari za Zimwi



Atokaye kisiwani Mvita akavuka Makupa, kisha akaingia Changamwe na kuifuata njia ya Port Reitz, hufika Chaani. Si mji wa magofu wala ngome. Sauti zake ni za malori ya makontena na za ndege zinazoshuka uwanja wa Moi. Lakini hapo karibu, katika hori la Port Reitz, maji yangali yakijaa na kupwa baina ya mikoko kama yalivyofanya enzi za mababu wa Wachangamwe, mmoja wa Thalatha Taifa za Mombasa.

Wakazi wa leo wametoka kila upande, wakifuata kazi za bandari, za reli, na za kiwanda cha kusafishia mafuta kilichoanza mwaka wa 1963. Kila jamaa ilikuja na ngano zake, na ajabu ni kwamba ngano hizo zinajuana. Mswahili humtaja zimwi. Mkikuyu na Mchaga humwita irimu. Na kusini kabisa mwa bara hili, Mzulu humwita izimu. Asili ya neno ni moja. Hata Wazungu wa Norwe wana jitu lao, troli, likaalo milimani au chini ya daraja, na likipigwa na jua hugeuka jiwe.

Waarabu nao walikuwa na ghuli, aliyesemekana kuwapoteza wasafiri jangwani. Katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim kutoka kwa Jabir, Mtume (S.A.W.) alikanusha habari za ghuli. Kuna majini, na Qur'ani imetaja. Lakini Surat al-Jinn pia imewalaumu waliokuwa wakijikinga kwa majini, kwani hawakuzidishiwa ila mashaka. Muumini hujikinga kwa Mola wake.

Je, ngano hizi tuzitupe? La. Tuzisikilize vizuri, kwani wazee hawakuzisimulia bure.

Iko ngano ya wasichana waliokwenda pwani kuokota kombe. Mmoja akaweka kombe lake zuri juu ya jiwe, akalisahau. Alipokumbuka njiani, aliwaomba wenzake warudi naye, wakakataa. Akarudi peke yake, akamkuta zimwi ameketi juu ya jiwe lile. Zimwi akamtia ndani ya ngoma, akawa akizunguka miji kwa miji; akiipiga ngoma, mtoto huimba, na watu humpa chakula kwa kustaajabia sauti. Hata siku moja wakafika mji wa mtoto mwenyewe, na wazazi wakaitambua sauti. Zimwi alipopitiwa na usingizi wakamtoa mwana wao, wakajaza ngoma nyuki na nyoka, na huo ndio ukawa mwisho wa zimwi.

Zingatieni, enyi mama na baba. Miji mingapi ilisikia sauti ile ikacheza ngoma? Aliyemwokoa mtoto si shujaa mwenye upanga, ni mzazi aliyeijua sauti ya mwanawe na asiyeipuuza.

Ya pili ni ya Nunda, mla watu, aliyoiandika Edward Steere katika mkusanyiko wake wa ngano za Unguja uliochapishwa mwaka wa 1870. Nunda hakutoka msituni. Alikuwa paka wa Sultani. Alipokula kuku, Sultani alisema paka ni wake na kuku ni wake. Watu walilalamika, naye akamtetea, hata paka akafikia kuwala watoto wa Sultani mwenyewe.

Hapa ndipo kadhia ilipo. Tunamwambia mtoto asiende mikokoni, kuna zimwi. Mtoto hukua akidhani kwamba shari ina jicho moja na kucha ndefu, na kwamba makao yake ni matopeni. Kisha anayemdhuru huja na peremende na maamkizi mema; pengine ni jirani, pengine ni mtu wa nyumbani, pengine ni yule aliyeaminiwa kumfundisha. Twasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Itazameni mithali hiyo: haikusema hakuli. Imesema hamalizi.

Basi tumwambie mtoto kweli. Mikokoni kuna matope yanayonasa mguu na maji yanayojaa kwa ghafla. Barabarani kuna malori ambayo dereva wake hamwoni mtu mfupi. Na mwili wake ni amana. Yeyote anayemgusa vibaya na kumwambia anyamaze, hata akiwa ni mkubwa mwenye heshima, hafai kufichiwa siri.

Akisema, tusimkemee kwa kuogopa aibu ya ukoo. Sitara haikuwekwa iwe pazia la dhalimu, na Sultani aliyemficha paka wake alilipa kwa wanawe. Mpelekeni mtoto hospitali, pigeni ripoti polisi, au pigeni nambari 116, simu ya kuwasaidia watoto nchini Kenya, ambayo haina malipo.

Ngano na zisimuliwe Chaani kila usiku baada ya Isha. Lakini zikisha, tumwulize mtoto siku yake ilikuwaje, kisha tunyamaze tumsikilize.

Wabillahi tawfiq.