Sio Huruma, Ni Hesabu ya Siku

Wasee, leo udaku uko likizo. Nataka tuongee kuhusu jamaa mmoja ambaye wengi wenu mmecheza sana ngoma alizopiga. Jina sitataja. Alikuwa DJ, na ni binamu yangu.

Alikamatwa Machi 2017 baada ya vita kilabuni. Alimpiga kijana mmoja na chupa, kijana akapoteza jicho. Pesa za dhamana zilitushinda, kwa hivyo akakaa rumande miaka 2 kesi ikiahirishwa tu. Machi 2019 akafungwa miaka 9. Hakimu alisema kifungo kianze siku hiyo. Ile miaka 2 hakuigusa hata kidogo.

Sasa skiza. Parole ile ya filamu za Marekani, mtu akijieleza mbele ya bodi, sio mambo yetu. Hapa Kenya, mfungwa wa kosa kama lake akifanya kazi na kuwa na nidhamu, hupunguziwa theluthi moja ya kifungo. 9 inakuwa 6. Ukianza kuhesabu 2019, anatoka 2025. Ukianza siku aliyokamatwa, anatoka 2023. Kosa ni lile lile, kifungo ni kile kile, ila miaka 2 ya mtu imepotelea kwenye karatasi.

Na sheria iko. Kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinataka muda uliokaa kizuizini kabla ya hukumu utiliwe maanani. Hakuambiwa na wakili. Aliambiwa na mfungwa mwenzake aliyejifunza sheria humo ndani. Wakaandika ombi kwa mkono, likapelekwa Mahakama Kuu.

Nyumbani tuligawanyika. Shangazi, mamake, alikataa kabisa kusikia hiyo story.

"Mtoto wa wenyewe hana jicho, na nyinyi mnaomba huruma?"

"Shangazi, hajasema hana hatia. Anaomba tu zile siku ashalala ndani zihesabiwe."

Akanyamaza kidogo. "Na huyo kijana, siku zake atahesabiwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina. Lakini pia sioni vile kumnyima binamu yangu miaka 2 kungemrudishia yule kijana jicho. Adhabu ilishapangwa na korti: miaka 9. Kuongeza mingine kimya kimya kwa kusahau tarehe, hiyo sio haki ya mtu yeyote.

Mwaka 2021 jaji aliagiza kifungo kihesabiwe kuanzia siku aliyokamatwa. Machi 2023 akatoka. Siku hizi anatengeneza spika, na kilabuni haendi.

Kama una mtu wako ndani, tafuta nakala ya hukumu yake. Usiangalie miaka pekee. Angalia inaanza kuhesabiwa lini. Na wewe ungekuwa mahali pa shangazi, ungemjibu aje yule kijana?