Siku Moja Juu ya Mto Nile

Kwetu Kivu twalalamika kwa wingi wa mvua. Lakini kuna mji katika nchi ya Misri, jina lake Aswan, ambapo mwaka waweza kupita pasipo tone. Sisi jamaa saba, pamoja na bibi yetu mzaa mama, tulifika huko tukakodi mashua ya tanga kwa siku nzima.

Ajabu ya kwanza ni upepo. Mto washuka kwenda kaskazini, na upepo watoka kaskazini. Kwa hiyo tanga hupandisha mashua, na maji huirudisha. Ndivyo watu wa kale walivyosafiri huko na huko bila mashini. Upande wa magharibi mchanga washuka kama dhahabu hata ukingoni. Katikati ya mto mna mawe meusi ya mviringo kama migongo ya tembo. Katika kisiwa cha Elefantine tuliona ngazi ya mawe yenye alama za kupimia mafuriko. Kwa kipimo kile wakubwa walijua mavuno yatakuwaje, wakakadiria kodi.

Leo ngazi ile haina kazi. Baraji ya kwanza ilimalizika mwaka wa 1902. Ile kubwa ilianza kujengwa mwaka wa 1960, ikamalizika mwaka wa 1970. Nchi ikapata umeme, na mashamba yakapata maji mwaka mzima. Lakini ziwa jipya lilifunika vijiji vya Wanubi. Watu elfu 50 hivi walihamishwa katika miaka ya 1963 na 1964, wakapewa nyumba karibu na Kom Ombo, mbali na mto.

Nahodha wetu alikuwa Mnubi, naye alikuwa mtoto mdogo wakati ule. Bibi akamwuliza, kaka yetu akitafsiri Kiarabu: «Ndugu yangu, mlikaaje huko?» Akajibu: «Mama, asubuhi ya kwanza mama yangu alichukua mtungi, akatoka mlangoni, akasimama. Hakujua aende upande gani.»

Bibi alinyamaza kitambo. Yeye alikimbia vita huko Rutshuru mwaka wa 2022, wala hapendi kutaja kijiji chake. Kisha akatia mkono majini, akasema: «Mto wetu waingia Ziwa Edward, nalo latoka kwa Semliki hata Ziwa Albert, na kutoka hapo ni Nile. Maji haya yanatujua.»

Mdogo wetu, mwanafunzi, akasema kwamba maji mengi ya Aswan yatoka milima ya Etiopia, na mengi ya kwetu hukauka katika mabwawa ya Sudani Kusini. Bibi akacheka: «Hata kikombe kimoja chatosha.»

Tangu hapo akaanza kusimulia: shamba la maharagwe, njia ya kisimani, jina la kila kilima. Watoto waliuliza hata jua likatua.

Wanubi walivipa vijiji vyao vipya majina ya vile vilivyozama, kama Ballana na Toshka. Mtoto azaliwaye huko leo hutamka jina la mahali asipoweza kupaona. Nasi tumenunua daftari. Watoto wameandika majina ya vilima vya bibi, kumi na manne mpaka sasa, na kila Jumapili jioni humwuliza tena. Wasomaji, ninyi mlio na wazee nyumbani, waulizeni mapema.