Ngoma Mbili, Mkate Mmoja

Ukisimama uwanjani Bujora, hapo Kisesa, siku ya Bulabo, ngoma kubwa ya bugobogobo huisikii masikioni tu. Inaingia kifuani, na miguu inaanza kabla hujaiamuru. Upande huu wako Bagalu, upande ule Bagika, wote wanacheza kwa wakati mmoja. Majembe yanarushwa juu na kudakwa. Mwingine anatokea na chatu shingoni. Kwa desturi watazamaji ndio waamuzi: anayevuta watu wengi ameshinda. Basi umati unakimbia huku na huku, vumbi linapanda, akina mama wanapiga vigelegele, na hujui tena nani mchezaji, nani mtazamaji.

Wengi wanaijua Bulabo kama sikukuu ya ngoma. Lakini imeshikamana na Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ambayo Papa Urbano wa Nne aliiweka kwa Kanisa zima mwaka 1264. Jina lenyewe la Kisukuma linatokana na maua, yale yanayotumika katika maandamano ya Ekaristi. Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, aliiunganisha sikukuu hiyo na furaha ya Wasukuma baada ya mavuno.

Jambo hili lilimgusa baba yangu. Alikuwa Mgika, mchezaji wa kutegemewa. Alipobatizwa akiwa mtu mzima, waliomtangulia katika imani walimwambia kwamba ngoma ni ya shetani, aiache yote. Akaiacha. Jembe lake la kuchezea likakaa darini miaka mingi. Wakati wa Misa alisimama mikono ameifunga nyuma, kana kwamba anailinda isitoroke. Hakulalamika, lakini hata sisi watoto tuliona kuwa sehemu yake moja ilibaki nje ya mlango wa kanisa.

Sisemi kila kitu kiingie bila kuchujwa. Mashindano yale yalikuwa na dawa za kuvuta watu, na nyimbo za kuumizana. Hayo Mkristo anayaacha. Lakini ile nguvu ya watu mia kuinua mguu kwa pamoja si mali ya mganga. Mfalme Daudi alicheza kwa nguvu zake zote mbele ya Sanduku la Agano, na aliyemdharau ni yule aliyekuwa akichungulia dirishani.

Nilipokuwa darasa la sita, baba alitupeleka Bujora. Katika maandamano alitembea bega kwa bega na mzee mmoja wa Bagalu, mpinzani wake wa zamani. Ekaristi ilipoinuliwa walipiga magoti wote wawili. Watu waliowahi kunyang'anyana umati walipokea mkate mmoja. Alasiri ngoma ilipoanza, baba alifungua mikono yake, akaingia uwanjani. Hakucheza sana, magoti yalikuwa yamechoka. Lakini tangu siku ile, kanisani aliimba kwa sauti.

Leo vijana wetu wa Mwanza wanaitafuta nguvu ileile kwenye matamasha, mbele ya spika kubwa. Tusiwe wepesi kuwaambia waiache mlangoni. Tuwafundishe wanamletea nani.