Jua Kwanza Maji Yako

Sisi wakaaji wa Bukavu twaishi kando ya ziwa kubwa. Walakini kila alfajiri twawaona watoto wetu wakipanda vilima na bidoni za manjano wakitafuta maji. Nyumbani mwangu, huko Kadutu, mfereji hutoa maji siku mbili, kisha hukauka siku tatu. Mvua kubwa ikinyesha, maji huja na rangi ya udongo. Mfereji ukikauka sana, hushuka mtu kuchota ziwani. Tu watu wanane, na kazi ya kuchemsha maji ya kunywa ilikuwa ya mke wangu, naye alinung'unika juu ya bei ya makaa.

Mwezi wa Novemba 2024 ikafika zamu yangu ya likelemba. Mke wangu akaniambia: «Baba watoto, pale sokoni wanauza chujio la ndoo mbili. Tununue moja.» Nikacheka. Shemeji yangu aliyeko Ubelgiji alikuwa amenisimulia habari za mashine ya kulainisha maji iliyo katika nyumba yake: sabuni yatoa povu jingi, tena birika haishiki chokaa. Nami nikaona haya kununua ndoo, hali mwenzangu ana mashine. Nikamwandikia mwuza mmoja wa mbali. Akaniuliza tu wangapi nyumbani, akapiga hesabu, nikamlipa. Hakuniuliza maji yangu ni ya namna gani. Wala mimi sikujiuliza.

Mzigo haujafika bado, mwezi wa Februari 2025 vita vikaingia mjini. Uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa, benki zikafungwa, nayo mashine yangu ikakaa ghalani ng'ambo ya mpaka. Makaa yakapanda bei. Mke wangu akanikumbusha tena habari za chujio, nami nikamjibu kwa ukali: «Ngoja, mashine yaja.» Basi alichemsha kadiri alivyoweza. Usiku mmoja wa mwezi wa Machi mtoto wetu wa miaka minne alishikwa na kiu, akanywa katika bidoni. Kabla ya jua kuchwa siku ya pili alikuwa akitapika na kuhara, macho yameingia ndani. Tulimbeba mgongoni mpaka kituo cha afya. Nilikaa karibu na kitanda chake nikiyatazama matone ya dawa yakiingia mkononi mwake, na kila tone likanishtaki. Mungu alimponya. Lakini siku ile nilifahamu ya kuwa kiburi cha baba chaweza kumwua mtoto.

Mashine ilifika mwezi wa Juni. Nikamwita fundi wa mifereji, mzee wa mtaani petu. Akaitazama, akaniuliza: «Papa, maji yako yana ugonjwa gani hata ukayanunulia dawa hii?» Nikakosa neno.

Akaomba chupa tatu safi. Katika moja alitia maji ya mvua, katika ya pili maji ya mfereji, katika ya tatu maji ya ziwa. Katika kila chupa akatia kipande cha sabuni, sawa kwa sawa, akatikisa. Ya mvua na ya mfereji zikajaa povu. Ya ziwa ikatoa povu kidogo tu na utando mweupe. «Waona?» akasema. «Maji ya mfereji wako yatoka mtoni, ni laini tayari. Maji ya ziwa ndiyo magumu.»

Naye alisema kweli. Chemchemi zilizo chini ya Ziwa Kivu hupita katika mawe ya volkeno, zikaleta chumvi nyingi, hasa magnesi. Ugumu wake wapita miligramu 300 kwa lita, ukihesabiwa kama chokaa. Ndani ya mashine ya kulainisha mna punje ndogo ziitwazo rezini. Punje hizo hushika magnesi na chokaa, zikatoa natiri mahali pake. Zikishiba, huoshwa kwa maji ya chumvi, kisha huanza kazi tena. Ni chombo chema kwa nyumba iliyo ufukoni, yenye pampu na maji yasiyokatika. Lakini hakiui vijidudu hata kimoja! Tena chataka nguvu ya maji katika bomba. Maji ya bidoni hayakifai.

Hata kipimo chake hakikuwa chetu. Yule mwuza alimhesabia kila mtu lita 100 kwa siku, kama ilivyo desturi ya kwao. Ndizo lita 800. Sisi twatumia lita 25 kila mtu, yaani 200. Mwenye kutumia maji ya ziwa kwa kadiri hiyo hushika gramu 60 za ugumu kila siku, gramu 420 kwa juma. Lita moja ya rezini hushika gramu 50 hivi. Basi zamtosha lita 9 za rezini, akiziosha mara moja kwa juma. Mimi niliuziwa mara nne ya hizo. Mwuza hakunidanganya, aliuza nilichomwomba.

Siku ile ile nilikwenda soko la Kadutu na mke wangu. Mama mwenye duka alituuliza kwanza maji yetu yatoka wapi, na kama ni ya tope. Kisha tukapima mahitaji: watu wanane, lita 3 za kunywa kila mtu, ndizo lita 24 kwa siku. Mshumaa mmoja wa udongo wa kauri huchuja lita 1 hivi kwa saa ukiwa safi. Basi miwili yatosha, hata ikipunguza mwendo. Akatuonya tuyaache maji ya tope yatulie usiku kucha na kuyapitisha katika kitambaa, tusugue mshumaa kwa brashi laini, na kuutupa ukipasuka. Na kwa kuwa vijidudu vidogo kabisa hupenya, tutie klorini kwa kipimo, au tuchemshe. Hapa petu, kwa urefu wa mita 1,500, maji huchemka yakifika digrii 95 hivi. Nazo zatosha kuua vijidudu.

Mwezi wa tatu mshumaa mmoja ulipata ufa. Nilirudi kwa mama yule asubuhi, na kabla ya adhuhuri mwingine ulikuwa mahali pake. Hapo nikafahamu maana ya methali ya wazee: fimbo ya mbali haiui nyoka. Sisemi kila mwuza wa karibu ni mwaminifu, wala kila wa mbali ni mbaya. Vitu vingine havipatikani hapa, navyo huna budi kuviagiza. Lakini kabla ya kutoa fedha, uliza: Maji yangu yana shida gani? Twatumia lita ngapi? Chombo kikiharibika, nitamwendea nani kwa miguu?

Bwana wetu alisema habari za mtu ajengaye mnara bila kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Mimi nilihesabu fedha tu; maji sikuyahesabu, wala sikumsikiliza mwenye kuyabeba na kuyachemsha kila siku. Nimekwisha kumwomba msamaha mke wangu. Mashine ingali katika sanduku lake pembeni mwa chumba, nayo yatungoja mnunuzi wa ufukoni. Juu yake mke wangu ameweka chujio. Kila mtoto wetu anapoteka kikombe chake hapo, mimi nalitazama sanduku, nanyamaza.